Kodi Inayoning'inia

Kiswahili kina hasara moja kwa mpiga ukulele, kile kigitaa kidogo: sauti kadhaa zikipigwa kwa pamoja ni kodi, na pesa ya mwenye nyumba nayo ni kodi. Miye nimepanga ghorofani, Mji Mkongwe, dirisha langu liko juu ya baraza ya mama mwenye nyumba. Jioni ile nilikuwa najifunza kodi ya G inayoning'inia.

Nyuzi ni nne, kutoka upande wa kidevu: G, C, E, A. Kwa G ya kawaida, kidole cha shahada hukaa uzi wa C freti ya 2 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), cha kati uzi wa A freti ya 2, cha pete uzi wa E freti ya 3. Uzi wa G uache mtupu. Kuining'iniza, ongeza kidole cha mwisho kwenye uzi wa A, freti ya 3. Sauti ya B, ile ya freti ya 2, imefukuzwa, C imekalia kiti chake, na sikio halitulii mpaka B irudi. Cha kati usikinyanyue. Ukibandua cha mwisho tu, G inarudi yenyewe.

Changu cha mwisho kikaleta jeuri. Kikikaa mbali na freti, uzi unavuma kama nzi chupani. Kikilala, kinauziba uzi wa E. Dawa ni kuweka gumba nyuma ya shingo, usiikamate kama mpini wa jembe, vidole visimame kwa ncha. Nusu saa! Ilipotoka safi nikamtumia rafiki yangu ujumbe wa sauti, nami kunong'ona sijui:

"Kodi sasa naimudu! Naiacha ining'inie kwanza, nahesabu nne, halafu taratiiibu naishusha!"

Chini kimya. Kisha: "Wee mwanangu! Unaishusha kodi ya nani?"

Nikateremka na ukulele mkononi. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Si hiyo. Hii ni kazi ya kidole kidogo tu."

"Marahaba. Kidole kidogo? Laki na nusu hiyo, lete kwa mikono miwili!"

Ikabidi nimpigie. Nikaining'iniza, nikanyamaza ili nieleze. Akanikata: "Mbona umeachia njiani? Malizia!"

Nikabandua kidole. Mabega yake yakashuka. "Alaa! Kumbe ndiyo hivyo."

Nikageukia ngazi.

"Hebu ngoja. Leo tarehe ngapi?"

Ilikuwa tarehe 9. Na kodi ya nyumba alikuwa ameshaisahau kabisa.