Siri za ukoo, vijana na bibi mwenye macho mekundu

Riwaya za taharuki zinazoandikiwa vijana, zile ambazo binti wa miaka 16 anafungua sanduku la marehemu babu na kukuta barua, zina maadui nyumbani. Wazazi wengi husema zinamfundisha mtoto kuchokonoa mambo ya wakubwa.

Hoja hiyo ina uzito kuliko tunavyokubali sisi wapenzi wa riwaya. Siri nyingine huwekwa kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Aliyelelewa na mama mkubwa akidhani ndiye aliyemzaa hakufichwa kwa ubaya. Mwandishi anayegeuza kila fumbo la nyumbani kuwa jinai hufika sura ya mwisho wakubwa wote ni waongo, mtoto peke yake ndiye mwenye akili. Mzazi anayekinyang'anya kitabu cha aina hiyo namwelewa.

Lakini ukimya nao huumiza. Njaa iliyoitwa Mtunya iliipiga Ugogo, eneo la Wagogo katikati ya Tanzania, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kukomba nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua nayo ikakataa. Zipo familia zilizoweka watoto rehani kwa wenye chakula. Sasa mchukue kijana wa Mpwapwa wa leo anayeona kwamba kila kukiwa na msiba, upande wa babu yake hukalishwa pembeni na hakuna anayesema kwa nini. Huenda babu huyo ni uzao wa mtoto wa rehani. Hapo pana riwaya nzima, bila bastola wala maiti kisimani.

Kinachonitisha mimi ni uvivu katika kumtisha msomaji. Mwandishi akiishiwa, anamleta kikongwe mwenye macho mekundu anayeishi peke yake. (Au mjomba aliyewahi kulazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na moja kwa moja ndiye muuaji.) Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, wakidhaniwa wachawi, hasa Kanda ya Ziwa. Na hapa kwetu, Kongwa kwa mfano, vikope, ugonjwa wa macho, vimesumbua watu miaka mingi. Ugonjwa huenezwa na mikono, nguo na nzi. Ukijirudia tangu utotoni, kope hugeukia ndani zikawa zinakwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Bibi anazing'oa kwa kibano, kesho zimeota tena. Ongeza moshi wa kuni. Kijana aliyemaliza sura ile usiku atamwamkia bibi wa jirani kwa moyo gani asubuhi?

Mwandishi stadi angemtumia bibi huyo huyo. Angetuacha tumwogope kurasa 50, kisha tugundue kwamba ndiye pekee aliyesimuliwa na mama yake mtoto yule wa rehani alitoka ukoo gani. Riwaya hiyo ningempa mwanafunzi wa kidato cha pili bila wasiwasi. Mzazi bado anaweza kuikataa, maana kijana atatoka humo na maswali ya kumuuliza babu yake mbele za watu. Kwa hilo sina dawa.