Injini Mbili, Kero Nne

Paa la choo cha uani lilivuja masika nzima, na katika nyumba yetu yenye wapangaji kibao hakuna aliyefungua mdomo. Nimeanza kuunda ndege sebuleni kwangu, ghafla wote ni mainjinia. Mama wa chumba cha pili akienda kuanika nguo anasimama mlangoni: "Shemeji, hilo bawa si refu mno?" Muuza samaki anatua beseni, anakuna kidevu: "Bosi, ingekuwa mimi ningeweka injini tatu." Samaki wenyewe anauza wamelegea, halafu anataka kunifundisha kuruka.

Ni ndege ya rimoti, jamani. Ya stairofomu, zile plastiki nyeupe nyepesi zinazokuja zimebana friji ndani ya boksi, ambazo ukizikata zinakujaza unga hadi kwenye kope na mlio wake unaumiza meno. Nafanya mfano wa Mosquito, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940. Ina injini mbili. Na hapo kwenye mbili ndipo ninapoonewa.

Niliipenda kwa sababu ni ya mbao. Wakati aluminiamu inagombaniwa na mafundi wa chuma hawashikiki, kampuni ya de Havilland iliamua kuunda ndege ya plaiwudi, na katikati ya plaiwudi ikaweka balsa, mti mwepesi kutoka Ecuador. Kazi wakapewa watengeneza samani, hadi wa piano. Zikatoka zaidi ya 7,700. Ile ya mabomu haikubeba hata bunduki moja. Ilitegemea mbio tu, zaidi ya kilomita 600 kwa saa, na ndani watu wawili, rubani na mwelekeza njia.

Nikisoma hayo roho inaniuma. Maseremala wa wenzetu wametoa ndege zote hizo huku wanapigwa mabomu. Mimi wa kwangu nilimpa hela ya kabati la vyombo kabla ya Ramadhani, na siyo Ramadhani hii. Kila nikienda: "Kaka, mbao bado inakauka." Angepewa yeye tenda ya Mosquito, Hitler angekufa kwa uzee.

Basi nikaamua kazi hii sishirikishi fundi. Nikaigawa ndege kwa kumi na mbili. Bawa la kweli lilikuwa mita 16.5 kutoka ncha hadi ncha, langu likatoka sentimita 137 na ushee. Bodi wao waliitengeneza kwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia. Kila nusu ikafungwa nyaya na mabomba yake ikiwa wazi, ndipo zikabandikwa pamoja. Nami nikafuata hivyo hivyo, nikakata nusu zangu kwa waya wa hita mbovu, ukipitisha umeme kidogo unapasua stairofomu bila kelele. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ukaja kwenye gundi. Muuzaji wa duka la vifaa aliniapia supaglu inashika kila kitu. Ikashika kweli. Ikashika, ikafuka kidogo, ikaanza kula. Nilisimama pale natazama ubavu wa ndege unazama kwenda ndani, shimo linakuwa, naliona kwa macho yangu. Nikarudi dukani na kipande mkononi, akakigeuza geuza, akasema, "Hii plastiki yako ni feki." Hatimaye ni ile gundi nyeupe ya mbao ndiyo iliyoshika, ila inataka usiku mzima, na usiku mzima nusu mbili za ndege zimebanwa kwa vibanio vya nguo vya mke wangu, na asubuhi anavitaka.

Hata Waingereza gundi iliwatoa jasho. Mosquito za mwanzo zilibandikwa kwa kezini, gundi inayotokana na maziwa. Zilipopelekwa India, joto na unyevu, pamoja na uundaji wa kulipua lipua, vikaleta balaa; mwaka 1944 mabawa yakaanza kuachia hewani. Viwanda navyo vilihamia gundi za kemikali. Gundi ya maziwa! Ningeitumia hapa kwetu, paka wa jirani angekula bawa.

Tuje kwenye mbili sasa. Ndege ya mota moja unanunua kidhibiti mwendo kimoja, pangaboi moja la kuivuta, unalala. Ya mota mbili unanunua kila kitu mara mbili, halafu vinagombana. Vile vidhibiti kila kimoja kinataka kukilisha umeme kile kipokezi cha rimoti. Inabidi uchomoe waya mwekundu wa kimoja ili kuwe na amani. Kisha mota zenyewe. Zina nyaya tatu tatu, na ukibadilishana nyaya zozote mbili mota inazunguka kinyume. Kwa hiyo moja ungeifanya izunguke kulia, nyingine kushoto, mivuto yao ikafutana. Vizuri. Lakini ya kinyume inataka pangaboi lake, lililokatwa kinyume.

Nenda Kariakoo ukaombe pangaboi la kinyume. Kijana alinitazama, akachukua lile lile la kawaida, akaligeuza mbele kuwa nyuma, akanikabidhi. "Hili hapa, bosi." Nikamweleza kwamba pangaboi la kulia hata uligeuze vipi linabaki la kulia. "Mbona wateja wote wanachukua?" Wateja gani? Nani mwingine Kariakoo anaunda Mosquito?

Bahati nzuri Mosquito ya kweli nayo injini zake zote mbili, Merlin za Rolls-Royce, zilizunguka upande mmoja. Wakati wa kuruka ikawa inavuta kushoto, na rubani alitanguliza kuipa moto ile ya kushoto ndipo inyooke. Nikachukua mapangaboi mawili ya kulia, kwa heshima ya historia.

Nyumbani nikakuta kikao cha LUKU. Mita yetu ni moja, tunachangia, na mtu amegundua kwamba tangu ndege ianze umeme haudumu. Nikawafanyia hesabu. Betri yangu ni ya volti 11.1, miliampea-saa 2,200. Zidisha, ni wati-saa 24 na kidogo. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Hata robo nzima ya umeme ipotelee kwenye chaja, uniti moja inaijaza betri hiyo mara 30. Pasi ya mama wa chumba cha pili ni ya wati 1,000: ikiwaka saa moja mfululizo kwa sare za kwaya, uniti imekwenda na haijaruka popote. Nikaiandika hesabu vizuri, nikaibandika juu ya mita. Kesho yake chini yake pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Hata hivyo ndege ichangie."

Rangi nayo. Ya kupuliza ya kopo inakula stairofomu vile vile, inayofaa ni rangi ya maji, na ya maji niliyokuwa nayo ni ile iliyobaki tulipopaka sebule. Krimu. Mosquito nyingi za mabomu zilipakwa mabaka ya kijani na kijivu zisionekane kirahisi. Yangu ukiiegemeza ukutani huioni kabisa, wifi yake mke wangu alikuja kusalimia akaikalia mkia, kwa hiyo kwenye kujificha nimewazidi.

Kilichonichosha zaidi ni kikoba. Mke wangu, bila nia mbaya, alisema mbele ya akina mama kwamba mumewe yuko nyumbani anatengeneza ndege ya mabomu. Jioni hiyo hiyo mjumbe akabisha hodi na daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia una bomu."

Nikamwonyesha. Akaizunguka. Akainama, akachungulia tumboni, ambako nimeweka mlango unaofunguliwa na kimota kidogo.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo bomu linapokaa."

Akarudi nyuma hatua.

"Mzee, ni pipi. Nitadondosha pipi."

"Kwa nani?"

"Kwa watoto."

"Unawapiga watoto pipi kutoka juu." Akaandika.

Nikaona nimpe historia atulie. Nikamwambia mwaka 1944 Mosquito ilikuwa inabeba bomu moja la kilo 1,800, ndege ya mbao hiyo, ikatanuliwa tumbo makusudi. Historia nayo akaiandika. "Elfu moja mia nane," akasoma taratibu. "Kilo. Za pipi?"

Baada ya chai ya pili tukakubaliana iandikwe ndege ya abiria. Akauliza inabeba wangapi. Nikasema wawili. Akasema basi haina faida hiyo, akafunga daftari.

Ikabaki mizani, na hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipohujumiwa. Ndege ikiwa nzito mkiani haishikiki: inanyanyua pua, inaishiwa mwendo, inaanguka. Kwa hiyo unaweka vidole viwili chini ya bawa, kiasi cha robo hadi theluthi ya upana wake kutoka mbele, unainyanyua, inatakiwa itulie mlalo au ichungulie chini kidogo. Yangu ikakaa kitako. Nikasukuma betri mbele mpaka mwisho, bado kitako. Nikachimba tundu puani, nikaanza kupanga sarafu za mia mbili moja moja, huku nainyanyua na kuishusha, mpaka pua ikakubali kuinama. Nikaziba kwa selotepu. Binti yangu Nasra alikuwa pembeni muda wote huo, macho hayapepesi, anauliza zimeingia ngapi. Nikafurahi mtoto anapenda sayansi.

Kibali nisikizungumzie sana. Vyombo vinavyoruka bila rubani vina taratibu zake, sawa, sibishi. Nilichobishia ni dirisha la tatu kunipeleka la kwanza, na la kwanza kunirudisha la tatu, huku madirisha yote mawili yanahudumiwa na dada mmoja. Na sisi tunaishi Kipawa, ndege za kweli zinapita juu ya kamba za nguo. Pale hurushi hata tiara. Ikabidi niende Bunju, kwenye uwanja mmoja wa mpira.

Kwenda Bunju ni daladala. Bawa la Mosquito ya kweli lilikuwa moja zima, bodi ikakaa juu yake, na mimi ni mtu wa uhalisia, sikulikata. Konda kuniona tu: "Kaka, hiyo siti mbili."

"Haijakaa."

"Na wewe umesimama, kwani hulipi?"

Nikalipa. Kila dereva akifunga breki, ncha ya bawa inaingia sikioni mwa mzee mmoja aliyevaa suti, na kila ikiingia nasema samahani, naye anasema endelea tu kijana, kwa sauti isiyomaanisha endelea. Mtu wa nyuma akapaza: "Konda, kwani hiyo haiwezi kutangulia yenyewe?" Gari zima likacheka. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi ndiye aliyenimaliza: "Mwanangu, ndege inayopanda daladala mimi siipandi."

Uwanjani tulifika upepo haujaamka. Vijana wa mazoezi walikuwepo, watoto walikuwepo, na mbuzi wawili golini. Nikampa kijana mmoja aishike. "Rusha mlalo. Usielekeze mbinguni."

"Mbinguni itafika yenyewe, bro."

Nikatia moto, mota zikalia, zote mbili, kwa pamoja, raha iliyoje. Akairusha. Ikavuta kushoto kidogo, kihistoria. Kisha pua ikaanza kunyanyuka. Nikasukuma kijiti mbele. Ikanyanyuka zaidi. Nikakisukuma mpaka mwisho, kidole kikauma. Mosquito yangu ikasimama wima hewani, ikakosa mwendo, mlango wa tumbo ukafunguka wenyewe, pipi zote zikamwagika, halafu ndege ikashuka inazunguka bapa mpaka golini. Mbuzi hawakujisumbua.

"Goooli!"

Watoto walishangilia hadi mavumbi yakatimka. Kwa upande wao kazi imefanyika: ndege imekuja, pipi zimeshuka. "Anko, rudia!" Mzee mmoja wa mazoezi akaja na taulo shingoni, akaitazama, akaniambia tatizo ni hizo injini mbili, kila moja inataka kwao. Sikumjibu. Nilikuwa naitazama pua. Selotepu imebandikwa vizuri, imenyooka, kuliko nilivyoibandika mimi. Nikaibandua. Tundu jeupe.

Nyumbani nikamwita.

"Nasra, sarafu za ndege ziko wapi?"

"Nilinunua barafu."

"Zote?"

"Nyingine nilimnunulia mama." Mama yake akainamia sufuria. "Lakini baba, si ulisema ndege inatakiwa iwe nyepesi?"

"Baba Nasra," mke wangu akasema bila kugeuka, "hilo ulilisema. Nilikuwepo."

Sasa mnijibu nyie, mtu anaanzia wapi kubishana na nyumba ya namna hiyo?

Bawa limeshikana, mkia umesimama, pua nimechonga nyingine kutoka kwenye stairofomu ya televisheni ya mjumbe, ambaye siku hizi anajiita mbia. Uzito safari hii nimeweka nati za chuma, maana nati hakuna duka linalozipokea. Niliziokota pale kona, kwa fundi pikipiki. Zilikuwa chini. Tangu juzi anapita nyumba hadi nyumba anauliza nani kaona nati za injini aliyoifungua, na mimi nimempa ushauri kama mtu mwingine yeyote: nimemwambia atafute vizuri.