Siyo Mimi Niliyekojoa Ukweni

Huyo mshenga wangu anayesambaza kwamba nimekojoa ukweni, awamalizie basi: ni pikipiki. Suruali yangu ilikuwa kavu mwanzo mwisho. (Nawaona mnavyocheka.)

Siku tatu kabla ya kwenda kujitambulisha, nikaona na chombo nacho kipendeze. Miaka yote kimekunywa oili ya pikipiki, 20W-50, ile nzito. Nikakinunulia sintetiki ya gari, 5W-30. Bei siitaji, humu nina wadai. Fundi alinionya, nikasema ana wivu.

Tumefika Morogoro, mvua inanukia. Mama mkwe mtarajiwa akasema, "Iingize barazani mwanangu, isilowe." Baraza la vigae vyeupe! Nikaegesha kwa stendi ya pembeni, ikalalia kushoto, upande wa sproketi ndogo, ile inayovuta mnyororo.

Nina kikombe mkononi, namwaga sera. Nikaona kijito cha rangi ya chai kinatoka chini ya pikipiki. Kikashika mstari wa kati ya vigae, polepole, kama kimeelekezwa nyumba. Kikafika njia panda. Kikatulia. Kikakata kulia, kwa mama, aliyekaa mkekani anachambua mchele. Nikanyoosha mguu nikizibe kwa soli. Kikapita pembeni ya kiatu. Mdomo wangu bado unaendelea: "...na Mungu akijalia, mwakani naanza msingi..." Mama akapapasa mkeka. Umelowa. Macho yake yakafuata mstari, kigae kwa kigae, mpaka kwenye kiatu changu. Akainama, akaninong'oneza kwa huruma kabisa:

"Mwanangu, choo kiko uani."

Mshenga akapaliwa na chai.

Baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, akachovya kidole, akanusa. "Umeweka oili gani?" Nikajibu kwa sauti ya mtoto. "Sili ya shafti ya sproketi, ile raba ya kuzuia oili, ilishachoka zamani, uchafu ndio ulikuwa unaiziba. Wewe umeleta nyepesi, ikausafisha, ikapata mlango. Halafu ya gari! Klachi ya pikipiki inaogelea humohumo kwenye oili ya injini. Utaona itakavyoteleza."

Niliona. Kwenye kilima cha kwanza injini inanguruma, pikipiki imesimama. Mashemeji wakasukuma. Sili nimebadili, nimerudi kwenye 20W-50, mkeka nimelipa. Binti amepokea simu leo asubuhi, akacheka mpaka vocha ikaisha.

Natafuta mshenga mwingine.