Hiyo cos x Ilitoka Wapi?

Juzi jioni, hapa Majengo, Moshi, kijana wa kidato cha tano anayesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) alinifungulia daftari lake. Swali lilitaka limiti ya sin x ikigawanywa kwa x, yaani namba ambayo jibu linaisogelea, pale x inapokaribia sifuri. Jibu lake lilikuwa 1, na ni sahihi.

"Umelipataje?"

"Kwa kanuni ya L'Hôpital, mwalimu. Unachukua derivativu, yaani kasi ya badiliko, ya juu na ya chini. Ya juu ni cos x, ya chini ni 1, nikaweka sifuri."

"Na hiyo cos x ilitoka wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Tuliandikiwa ubaoni."

Hapo ndipo panaponiuma. Anza mwanzo, kwenye maana ya derivativu: sin(x + h) toa sin x, gawanya kwa h, kisha h ikaribie sifuri. Ukiifungua, unapata sin x mara (cos h − 1)/h, jumlisha cos x mara (sin h)/h. Kipande cha kwanza kinakwenda sifuri kwa sababu (cos h − 1)/h inakwenda sifuri. Cha pili kinabaki cos x kwa sababu (sin h)/h inakwenda 1. Kwa hiyo cos x imezaliwa na limiti ileile aliyoulizwa. Kuitumia kuithibitisha limiti hiyo ni kumwita mtoto aje amzae mama yake.

Nikamwambia akokotoe (sin x)/x kwa kikokotoo, x ikiwa 0.1. Kikatoa 0.01745. Akashtuka, akarudia, ikatoka ileile. Kikokotoo kilikuwa kwenye digrii, na namba ile ni π gawanya kwa 180. Alipokihamishia kwenye radiani ikaja 0.99833, na kwa 0.01 ikaja 0.99998. Miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba derivativu ya sin x ni cos x pale tu pembe inapopimwa kwa radiani.

Tukachukua sinia na uzi. Uzi ulikatwa urefu wa kutoka katikati ya sinia hadi ukingoni, kisha tukaulaza juu ya ukingo. Pembe iliyofunguka pale katikati ndiyo radiani 1, na kuzunguka sinia zima kunahitaji nyuzi kama hizo sita na ushee. Kisha tukachora duara lenye nusukipenyo 1: pembetatu ndogo ndani ya kipande cha duara, na kipande hicho ndani ya pembetatu kubwa. Maeneo yao ni nusu ya sin x, nusu ya x na nusu ya tan x. Gawanya yote kwa nusu ya sin x, na x/sin x inabanwa kati ya 1 na 1/cos x. Pembe ikizidi kupungua, cos x inakwenda 1, na iliyobanwa haina pengine pa kwenda.

Najua walimu wenzangu watasema muda hautoshi, mada ni nyingi na mtihani wa kidato cha sita unasubiri. Nawaelewa, darasa la wanafunzi wengi si meza ya nyumbani kwangu. Ila mchoro huu hauzidi kipindi kimoja, nasi hupoteza vipindi vingi zaidi kurudia kanuni zilizosahaulika.

Swali lililofuata lilikuwa (1 − cos x)/x². Kijana akazidisha juu na chini kwa 1 + cos x, juu ikawa sin² x, akaitenga (sin x)/x mara mbili, ikabaki 1/(1 + cos x). Akaandika nusu, kisha kabla hajafunga daftari akaandika pembeni: x kwa radiani.