Jenomu ya mitokondria isitwishwe mzigo wote wa nasaba ya buibui

Mwaka 2022 orodha ya spishi za buibui zilizopewa majina ya kisayansi ilivuka 50,000, na nyingi kati ya hizo zilitenganishwa kwa umbo la viungo vya uzazi, yaani palpi za dume na epijini ya jike. Kazi hiyo ni ya polepole, tena buibui mchanga ambaye hajakomaa humshinda hata mtaalamu. Ndiyo maana jenomu ya mitokondria, yaani DNA ya vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, yenye takribani jozi 14,000 hadi 15,000 za besi (herufi za DNA) na jeni 37 tu, imependwa mno: hupatikana kwa wingi katika kila seli, na siku hizi kuisoma yote si ghali.

Mimi naona thamani yake kubwa iko katika mambo mawili. Kwanza, hubadilika haraka, hivyo hutofautisha vizuri spishi zilizo karibu. Pili, mpangilio wenyewe wa jeni husimulia historia: buibui wa familia ya Liphistiidae, ambao fumbatio lao bado lina pingili, wamehifadhi mpangilio ule ule wa Limulus, jamaa wa mbali wa buibui anayeishi baharini, ilhali kwa buibui wengine baadhi ya jeni za tRNA, yaani molekuli ndogo zinazobeba amino asidi wakati protini inapojengwa, zimehama. Isitoshe, tRNA nyingi za buibui zimepunguzwa hadi kukosa mkono mmoja mzima wa umbo lao la kawaida, na bado zinafanya kazi. Jambo hilo, kwangu, linavutia kuliko mti wowote wa nasaba.

Hata hivyo, kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Katika matawi ya zamani sana besi moja huwa imebadilika mara nyingi, na alama ya ukoo hufutika. Aidha mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, sawa na bakteria Wolbachia wanaoishi ndani ya buibui wengi. Bakteria hao wakienea, huuburuta pamoja nao ukoo mmoja wa mitokondria, na mipaka ya spishi ikapotoka. Tafiti za mwaka 2014 zilizoonyesha kwamba wafumaji wa tando za duara wanaotumia gundi na wale wanaotumia nyuzi zilizochanwa si ndugu wa karibu zaidi zilitegemea mamia hadi maelfu ya jeni, karibu zote za kiini cha seli, si za mitokondria.

Kwa hiyo makala inayopendekeza kuhamishia familia nzima ya buibui kwenye tawi jingine la nasaba kwa kutegemea jeni 13 za protini za mitokondria peke yake, bila jeni za kiini wala palpi kuchunguzwa, ingepaswa kurudishwa kwa waandishi wake.