Rangi za ndege wetu hazitokani na jua

Tukikutana Watanzania hapa Sheffield, Uingereza, hatukosi kulinganisha: huku kijivu, kwetu rangi. Mtu akitaja ndege, jibu ni lilelile: "Kwetu kuna jua, lazima wang'ae." Jibu hilo silikubali, tena naona lina madhara.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha hapahapa Sheffield walichapisha matokeo ya kupima rangi za spishi zaidi ya 4,500 za ndege waimbao. Walipiga picha ngozi za ndege, manyoya yakiwa bado juu yake, zilizohifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Tring, hukuhuku Uingereza, hata kwa mwanga wa urujuanimno, ambao sisi hatuuoni lakini ndege wanauona. Wa karibu na ikweta waliwazidi wa kaskazini na kusini ya mbali kwa wingi wa rangi, takriban asilimia 30. Na waliong'ara zaidi ni akina nani? Wakazi wa misitu minene, na walao matunda na nekta, yaani maji matamu ya maua.

Mtazame chozi, yule ndege mdogo anyonyaye nekta, kwenye ua la mgomba. Akigeuka kidogo, kijani cha mgongoni kinazimika kuwa cheusi; akirudi, kinawaka. Unyoya ule hauna rangi ya kijani ndani yake. Una vijipande vya melanini, ile rangi nyeusi iliyomo hata kwenye nywele zetu, vidogo mno, vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, navyo ndivyo vinavyorudisha mwanga wa kijani. Shorobo, ndege wa msituni alaye matunda, ni habari nyingine: wekundu wa mbawa zake, unaojitokeza anaporuka, ni rangi halisi yenye madini ya shaba.

Sasa nawauliza wenzangu wa Tanga: jua la shamba la mkonge ni kali kuliko la ndani ya msitu wa Amani, kule milima ya Usambara, mbona shorobo yuko Amani? Anafuata matunda. Tukiamini rangi huletwa na jua, hatutaona hasara msitu unapokatwa, maana jua lipo palepale.

Jirani yangu hapa, bibi mzee, hutundika karanga na mafuta yaliyoganda bustanini kulisha ndege majira ya baridi, na kila ndege anayekuja anamjua kwa jina. Ndege wenyewe wengi ni wa kahawia! Kwetu Muheza mtoto hupewa manati kabla ya darubini. Hilo linaniuma. Kutoka Muheza hadi Amani ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Walimu, wapelekeni watoto, asubuhi na mapema, shorobo wakiwa bado wanaitana.