Bando la Ofisi, Mfuko Wangu

Jumatatu saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikiwa katikati ya kueleza hesabu za robo mwaka, simu ikalia: nimetumia asilimia 75 ya kifurushi. Kifurushi chenyewe cha wiki nzima, nimekinunua Jumamosi. Nikazima kamera fasta, nikaendelea kwa sauti tu. Bosi akauliza, "Mbona umejificha?" Nikamwambia chumbani mwanga hautoshi. Nani atasema mbele ya watu kumi na wawili kwamba bando linamuishia?

Tangu tuanze kufanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, intaneti nalipa mwenyewe. Nilipouliza nikaambiwa nishukuru, naokoa nauli. Kweli naokoa. Ila nauli ya Mbagala hadi Posta na kurudi haifiki bei ya bando ninalomaliza siku yenye vikao viwili vya video. Na kampuni je? Wamerudisha ghorofa moja kwa mwenye jengo. Kodi, umeme, majani ya chai, vyote vimepungua, na hakuna aliyeambiwa ashukuru.

Fundi seremala akija kwako na randa yake, gharama ya randa imo ndani ya bei anayokutajia, na usipoitaka anaondoka. Mimi mshahara wangu tulikubaliana nikiwa na meza ya ofisi na waya wa intaneti ukutani. Kazi ni ile ile, mshahara ule ule, randa ndiyo imegeuka kuwa yangu.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, wiki ile tuliagizwa kila mtu awe na laini ya pili ya mtandao mwingine. Agizo lilikuja kwa barua pepe, nayo sikuweza kuifungua hadi jioni. Laini nilinunua kwa hela yangu.

Hoja yao yenye uzito ni moja: hilo hilo bando si unaangalizia na mpira? Naangalizia, na wanangu wanaangalizia katuni. Mahakama ya rufaa ya California ilikutana na hoja ya namna hiyo mwaka 2014, katika kesi ya wafanyakazi waliotumia simu zao binafsi kikazi. Ikaamua kwamba mwajiri alipe sehemu inayostahili ya bili, hata kama mfanyakazi ana kifurushi kisicho na kikomo na hakuongeza hata senti moja. Vinginevyo mwajiri anakula cha bure.

Sehemu, siyo yote. Wenzangu wanaodai kampuni iwalipie faiba nzima siko nao. Lakini iwe kiasi maalumu kinachoingia pamoja na mshahara, tusianze kukusanya risiti. Watu wa mshahara mdogo wananunua bando la siku kwa siku, na la siku ukilipigia hesabu kwa GB mara nyingi ni ghali kuliko la mwezi. Mhudumu wa wateja anaumia kuliko meneja, na meneja ndiye anayepanga vikao.

Wiki iliyopita limekuja tangazo: kuanzia mwezi ujao kamera ziwe wazi kikao kizima. Nimejibu nikiuliza, kwa bando la nani? Mpaka naandika hapa hajajibu mtu.